Ramani Sahihi, Jengo Salama: Mwongozo kwa Wachora Ramani wa Kompyuta na Kamati za Ujenzi



Katika toleo hili tunazungumzia jambo ambalo mara nyingi halipewi nafasi ya kutosha katika vikao vyetu, nalo ni ramani za majengo. Kamati hukaa saa nyingi kujadili saruji, nondo, mabati na harambee. Ramani yenyewe hupitishwa kwa dakika chache, ikapigwa fotokopi, ikakabidhiwa kwa fundi. Siku hizi ramani nyingi za madarasa, zahanati, kumbi na nyumba za mapadre huchorwa kwa kompyuta. Programu moja inayotumika sana ni AutoCAD, ambayo kampuni ya Autodesk ya Marekani iliitoa kwa mara ya kwanza mwaka 1982. Kompyuta huchora haraka na kwa unadhifu, lakini haijui kama nguzo iko mahali pake. Hufanya kile inachoagizwa tu. Mpangilio mmoja wa programu ukikaa vibaya, kosa huingia kwenye karatasi, kutoka kwenye karatasi likaingia kwenye msingi, na likishafika kwenye msingi huwa limekula fedha za waumini.

Makala hii ina sehemu mbili. Ya kwanza ni kwa vijana wetu wanaochora: marekebisho madogo ya programu ambayo huzuia makosa makubwa. Ya pili ni kwa kamati na wafadhili, ambao si lazima wajue kutumia kompyuta, bali wanapaswa kujua maswali ya kuuliza.

KWA NINI KARIAKOO

Kariakoo na katikati ya jiji la Dar es Salaam ni mahali pazuri pa kujifunzia somo hili. Soko Kuu la Kariakoo, lililofunguliwa mwaka 1975, lilisanifiwa na Mtanzania, msanifu Beda Amuli, katika enzi ambayo ramani zilichorwa kwa kalamu na rula juu ya meza. Paa lake la miavuli mikubwa ya zege lilihitaji vipimo vya uhakika. Soko hilo liliungua usiku wa tarehe 10 Julai 2021, na Serikali ikalifanyia ukarabati na upanuzi mkubwa.

Mitaa inayolizunguka nayo imebadilika. Nyumba za Kiswahili za chumba na ukumbi zimepisha maghorofa, na viwanja vimebaki vilevile vidogo. Ukuta wa jirani mmoja unagusana na ukuta wa mwingine. Mahali kama hapo, sentimita 20 si jambo la kupuuza.

Tunakumbuka kwa huzuni siku ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, jengo la ghorofa lililokuwa likijengwa Mtaa wa Indira Gandhi lilipoanguka na kuua zaidi ya watu 30. Tunakumbuka pia tarehe 16 Novemba 2024, ghorofa lilipoporomoka Kariakoo watu wakiwa kwenye shughuli zao za asubuhi, na zaidi ya watu 25 wakapoteza maisha. Hatusemi kwamba misiba hiyo ilitokana na kompyuta. Majengo huanguka kwa sababu nyingi: zege hafifu, nondo pungufu, kuongeza ghorofa ambazo hazikukusudiwa, kuchimba chini ya jengo lililokwisha kusimama. Lakini misiba hiyo inatufundisha kwamba kila hatua ya ujenzi inahitaji uangalifu, na hatua ya kwanza ni ramani.

SEHEMU YA KWANZA: KWA WANAOCHORA

1. Vipimo: milimita, mita au futi?

Kosa kubwa kuliko yote huanza kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa. Ukifungua AutoCAD kwa kutumia kiolezo kiitwacho acad.dwt, unaanza na mpangilio wa inchi. Kiolezo cha mfumo wa metriki ni acadiso.dwt. Ni vyema ofisi ikatengeneza kiolezo chake kimoja kwa kuanzia hicho cha pili, na watu wote wakitumie hicho tu.

Ili kuhakikisha, andika UNITS kwenye mstari wa amri, kisha tazama sehemu ya "Insertion scale". Kwa ramani za majengo chagua milimita. Wanaopendelea kuandika namba watumie INSUNITS: 1 ni inchi, 2 ni futi, 4 ni milimita na 6 ni mita. Aidha, andika MEASUREMENT na kuweka 1, ili mistari ya vipande na michirizi ya kujazia itoke katika mafaili ya metriki.

Mpangilio huu una umuhimu kwa sababu vitu huchukuliwa kutoka faili moja kwenda jingine. Choo, mlango au ngazi iliyochorwa kwa milimita ikiingizwa katika faili la mita pasipo kutambuliwa, hutokea kubwa mara 1,000. Kosa hilo linaonekana mara moja. Kosa la hatari ni lile lisiloonekana kwa macho. Ramani nyingi za zamani za viwanja zilipimwa kwa futi. Futi moja ni mita 0.3048, lakini wengi huhesabu mita 0.3 kwa kuwa ni rahisi kichwani. Kwa kiwanja cha futi 50 hesabu sahihi ni mita 15.24, na ile ya haraka ni mita 15. Tofauti ni sentimita 24, zaidi ya unene wa ukuta wa tofali la inchi sita. Katika kiwanja cha Kariakoo, hapo ndipo ugomvi na jirani unapoanzia.

Kipimo cha uhakika ni hiki: ukipokea faili la mtu mwingine, tumia amri DIST kupima upana wa mlango. Mlango wa kawaida wa chumba ni milimita 900 hivi. Ukipata 0.9, faili ni la mita. Ukipata 35 na kitu, ni la inchi. Ukipata namba isiyoeleweka, simama, usiendelee kuchora.

2. Mkato na nukta

Tumezoea wengine kuandika mita tatu na nusu kwa mkato: 3,5. Katika AutoCAD mkato hutenganisha namba mbili za mahali. Ukiandika 3,5 programu inaelewa "nenda mahali ambapo X ni 3 na Y ni 5". Haitakuuliza wala kukuonya. Kwa hiyo desimali zote ziandikwe kwa nukta. Ukichora kwa milimita shida hii hupungua sana, kwa sababu huandiki desimali bali 3500.

3. Kipimo kilichoandikwa na mstari uliochorwa

Hapa tunaomba umakini wa pekee. AutoCAD hupima yenyewe urefu wa mstari na kuandika namba. Lakini mchoraji anaweza kufuta namba hiyo na kuandika nyingine kwa mkono. Mteja akisema chumba kiwe mita 4, na mstari uliopo ni mita 3.85, mchoraji mwenye haraka huandika 4000 juu yake bila kusogeza ukuta. Karatasi inaonekana safi. Lakini jumla ya vyumba haitalingana na urefu wa jengo, na fundi atagundua akiwa ameshachimba msingi.

Kuona kama kipimo kimelazimishwa, kichague, fungua "Properties", kisha tazama mstari wa "Text override". Ukiwa na maandishi, yafute, na namba ya kweli itarudi. Baada ya hapo rekebisha ukuta wenyewe. Kanuni iwe moja: ukuta husogezwa, namba haiandikwi kwa mkono.

4. Vitu vinavyoonekana kwenye kioo na kupotea kwenye karatasi

AutoCAD hutengeneza yenyewe leya iitwayo Defpoints pale unapoanza kuweka vipimo. Chochote kilichochorwa kwenye leya hiyo huonekana kwenye kioo lakini hakichapishwi. Mchoraji akiacha leya hiyo wazi akachora nguzo mbili, ataziona kila siku kwenye kompyuta yake, na fundi hataziona kamwe. Kabla ya kuchapisha, fungua orodha ya leya, hakikisha Defpoints haina kitu cha jengo, na tazama kama kuna leya nyingine ambayo alama ya printa imezimwa.

Hali kadhalika rangi. Mstari wa njano unang'aa juu ya kioo cheusi, lakini juu ya karatasi nyeupe hufifia, na fotokopi huumaliza kabisa. Wakati wa kuchapisha chagua mtindo wa monochrome.ctb, na mistari yote itatoka kwa wino mweusi.

5. Nguzo za ghorofa moja juu ya nyingine

Kwa jengo la ghorofa, nguzo ya juu lazima ikae juu ya nguzo ya chini. Mchoraji anayenakili ramani ya chini na kuisogeza pembeni ili achore ya juu anaweza kusogeza gridi kwa bahati mbaya. Njia salama ni kuchora gridi ya nguzo katika faili moja pekee, kisha kuiita faili hiyo katika kila ghorofa kwa amri XREF, yote yakianzia sifuri. Mhandisi naye atumie gridi hiyohiyo. Ikibadilishwa mahali pamoja, inabadilika kote. Katika sehemu ya "Path type" chagua "Relative", ili mafaili yakihamishiwa kompyuta nyingine yasipoteane.

6. Ramani ya mpimaji na namba kubwa

Mpima ardhi akileta ramani ya kiwanja cha Dar es Salaam, mara nyingi huwa imewekwa katika namba halisi za ramani ya dunia: X zaidi ya laki 5 na Y zaidi ya milioni 9, kwa mita. Ukichora jengo huko mbali na sifuri, hasa ukigeuza kuwa milimita, programu huanza kusumbua: michirizi inakataa kujaa, mistari inacheza, kipanya hakinasi kona vizuri. Wengi hukimbilia kusogeza kiwanja chote hadi sifuri, na hapo mawe ya mipaka yanapoteza mahali pake.

Tunashauri faili la mpimaji lisiguswe. Chora jengo katika faili lake, karibu na sifuri. Kisha tengeneza faili la tatu la mpango wa kiwanja, ambamo jengo linaitwa kwa XREF na kuwekwa mahali pake juu ya kiwanja.

7. Umeme ukikatika

Kazi ya siku nzima inaweza kupotea kwa sekunde. Kwanza, ofisi iwe na UPS, hata ndogo, ya kumpa mchoraji dakika chache za kuhifadhi kazi. Pili, andika SAVETIME na kuweka 5, ili programu ijihifadhie yenyewe kila dakika tano. Tatu, ISAVEBAK iwe 1, ili kila unapohifadhi, nakala ya awali ibaki.

Umeme ukishakatika, mambo hayajaisha. Nakala ya awali ina jina lilelile na mwisho wa .bak. Inakili, badilisha mwisho uwe .dwg, kisha ifungue. Nakala ya kujihifadhi ina mwisho wa .sv$, na folda ilipo utaijua kwa kuandika SAVEFILEPATH. Nayo ibadilishwe mwisho vilevile. Kumbuka kwamba programu ikifungwa kwa utaratibu, nakala hii ya .sv$ hufutwa. Huokoa pale tu programu ilipozimika ghafla. Kama Windows haikuonyeshi miisho ya majina, ondoa alama kwenye "Hide extensions for known file types". Faili linalokataa kufunguka, jaribu RECOVER. Linalofunguka lakini linasumbua, tumia AUDIT na kukubali masahihisho.

8. Marekebisho madogo yanayopunguza kero

Haya huulizwa mara kwa mara na vijana, nayo hurekebishwa kwa kuandika neno moja na namba moja:

• Ukibonyeza kufungua faili na kisanduku hakitokei, bali maandishi tu chini: FILEDIA iwe 1.
• Kitufe cha Delete hakifuti ulichochagua: PICKFIRST iwe 1.
• Ukichagua kitu cha pili, cha kwanza kinaachwa: PICKADD iwe 2.
• Ukigeuza chumba kwa MIRROR na maandishi yakasomeka kinyume: MIRRTEXT iwe 0.
• Mistari ya vipande inaonekana kama mstari mzima: rekebisha LTSCALE, kisha andika REGEN.
• Faili ni zito kupita kiasi: PURGE huondoa visivyotumika, OVERKILL huondoa mistari iliyolaliana.
• Kompyuta ya zamani inakwama au kioo kinafanya mabaka: andika GRAPHICSCONFIG na kuzima "Hardware Acceleration".

9. Kutuma faili kwa mwingine

Mhandisi anaweza kuwa na toleo la zamani la programu. Faili la mpangilio wa 2018 halifunguki kwenye AutoCAD ya 2017 kurudi nyuma. Tumia SAVEAS na kuchagua mpangilio wa 2013 au wa chini zaidi. Kama faili linategemea mafaili mengine, au lina aina za herufi zisizo za kawaida, tumia ETRANSMIT, ambayo hukusanya vyote katika furushi moja. Pasipo hivyo mwenzako atapata kuta bila gridi, au maandishi yaliyogeuka alama za kuuliza. Siku zote ambatanisha PDF, ili mpokeaji aone ramani ilivyopaswa kuonekana.

10. Programu ya bei chee na gharama yake

Katika mitaa ya madukani si ajabu kuuziwa programu iliyovunjwa kinga. Licha ya kuwa ni kinyume cha sheria na cha amri ya Mungu ya kutoiba, ina hatari ya kazi. Mwaka 2012 kampuni ya usalama wa kompyuta ya ESET ilitangaza kirusi kilichoitwa ACAD/Medre.A, kilichoenea zaidi nchini Peru, ambacho kilikuwa kikiiba ramani za AutoCAD na kuzituma kwa barua pepe mbali ng'ambo. Virusi vya namna hiyo hujificha katika faili dogo lenye jina kama acad.lsp ndani ya folda ya ramani, na huhamia kwenye flashi. Ukikuta faili hilo ambalo hukuliweka wewe, usilifungue wala usilinakili. Katika matoleo mapya, SECURELOAD isiwe 0, na TRUSTEDPATHS itaje folda za ofisi tu.

Tangu mwaka 2016 Autodesk iliacha kuuza leseni mpya za kudumu; sasa hulipiwa kwa muda. Wanafunzi na walimu hupewa bure kwa kujifunzia, lakini si kwa kazi za malipo. Kwa parokia ndogo zipo programu huru zisizolipiwa. LibreCAD inatosha kwa ramani za kawaida za pande mbili, ingawa huhifadhi kwa DXF na si DWG. FreeCAD inafaa kwa anayetaka kuchora umbo zima la jengo. Darasa la shule halihitaji programu ya gharama ili lichorwe sawasawa.

SEHEMU YA PILI: KWA KAMATI NA WAFADHILI

Fotokopi inavyokula sadaka

Ramani iliyochorwa vizuri inaweza kuharibiwa dukani kwa dakika moja. Tuchukue mfano wa darasa la mita 9 kwa mita 7. Limechorwa kwenye karatasi ya A3 kwa skeli ya 1:100, yaani sentimita moja ya karatasi ni mita moja ya ardhi. Mjumbe anaipeleka dukani, mashine ya A3 imeharibika, anapigiwa kwa A4. Kila mstari umepungua hadi asilimia 71 hivi ya urefu wake. Lakini maandishi bado yanasema 1:100.

Mtu akichukua rula na kupima karatasi hiyo, darasa la mita 9 kwa 7 litakuwa kama mita 6.4 kwa 5. Eneo lake halisi ni mita za mraba 63. La kwenye rula ni kama 32, yaani nusu tu. Mkadirio wa sakafu, dari na bati ukifanywa kwa karatasi hiyo utakuwa nusu ya mahitaji. Harambee itafanyika kwa nusu ya fedha, na jengo litasimama kwenye lenta. Waumini wataanza kunong'ona kwamba fedha zimeliwa, kumbe zilizopotea ni namba.

Kosa hilohilo hutokea kwenye kompyuta pale mchoraji anapochagua "Fit to paper", au duka linapochapisha PDF bila kuchagua "Actual size". Tiba ni tatu, nazo ni rahisi:

Kwanza, mchoraji aweke rula ya skeli kwenye kila karatasi, yaani mstari mfupi uliogawanywa na kuandikwa mita 0, 1, 2 hadi 5. Karatasi ikipunguzwa, nayo inapungua pamoja na jengo, hivyo bado inasema kweli.

Pili, dukani mjumbe aende na rula. Mita 5 kwa skeli ya 1:100 ni sentimita 5 kamili. Zisipotimia, asilipe mpaka ichapishwe upya.

Tatu, fundi afuate vipimo vilivyoandikwa, asipime karatasi. Kipimo kikikosekana, amuulize msanifu.

Kwa faida ya wengi: karatasi ya A1 ikipunguzwa kuwa A3, kila urefu unakuwa nusu kamili. Ramani ya 1:100 inakuwa 1:200. Hiyo inaweza kutumika kwa vikao, mradi skeli mpya iandikwe.

"Ya mwisho" na "ya mwisho kabisa"

Tatizo jingine ni ramani mbili za jengo moja. Msanifu ameongeza dirisha, mhandisi ameongeza nguzo, lakini karatasi iliyoko kwa fundi ni ya mwezi uliopita. Mafaili yanaitwa "zahanati mwisho", "zahanati mwisho mpya", na hakuna ajuaye lipi ni lipi. Kila karatasi iwe na kisanduku chenye jina la mradi, namba ya karatasi, herufi ya marekebisho, A, B, C na kuendelea, pamoja na tarehe. Mchoraji anaweza kutumia amri FIELD ili tarehe ya kuchapishwa ijiandike yenyewe. Marekebisho mapya yakitoka, katibu akusanye karatasi za zamani zote, azipige mstari mwekundu, na aandike katika kitabu nani amepewa mpya.

Kompyuta haimfanyi mtu kuwa mhandisi

Kijana anayejua AutoCAD ni msaada mkubwa, nasi tunamshukuru Mungu kwa vipaji hivyo. Hata hivyo, kujua kuchora nondo si kujua nondo ngapi zinahitajika. Usanifu unapaswa kusimamiwa na mtaalamu aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, na uimara na mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mkandarasi naye asajiliwe na Bodi ya Usajili wa Makandarasi. Kibali cha ujenzi hutolewa na halmashauri, ambayo kwa Kariakoo na katikati ya jiji ni Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam. Muhuri unaoonekana kwenye ramani unaweza kunakiliwa kwa kompyuta kama picha nyingine yoyote. Kwa hiyo kamati isitosheke na muhuri. Impigie simu au imtembelee mtaalamu mwenyewe na kumwonyesha karatasi iliyo mkononi.

Maswali manane ya kikao

Tunaomba kila kamati ya ujenzi ibandike maswali haya ukutani, na katibu aandike majibu katika muhtasari kabla ya ramani kupitishwa:

1. Ramani imechorwa kwa milimita au mita, na imeandikwa hivyo?
2. Je, jumla ya vyumba na kuta inalingana na urefu wa jengo lote? Mjumbe mmoja ajumlishe kwa kalamu.
3. Je, kuna rula ya skeli, na imepimwa baada ya kuchapishwa?
4. Je, nguzo za ghorofa zote ziko mahali pamoja kwenye gridi?
5. Je, ramani ya msanifu na ya mhandisi zina gridi moja na tarehe zinazokubaliana?
6. Je, mipaka ya kiwanja imetoka kwa mpimaji, na vipimo vya futi vimegeuzwa kwa 0.3048?
7. Je, parokia inalo faili lenyewe la DWG au DXF pamoja na PDF, mbali na karatasi?
8. Je, faili hilo limehifadhiwa mahali pasipopungua pawili, mojawapo nje ya ofisi?

Swali la saba lina uzito kuliko linavyoonekana. Jengo huishi miaka mingi kuliko kamati. Baada ya miaka 15 parokia itataka kuongeza chumba, kupitisha bomba, au kujua kama msingi unaweza kubeba ghorofa. Mchoraji atakuwa amehama, na kompyuta yake itakuwa imekufa. Bila faili, itabidi kukisia, na kukisia juu ya nguzo ni kuchezea roho za watu. Katika mkataba wa kuchora, andikeni wazi kwamba malipo ya mwisho yatatolewa faili zikishakabidhiwa na kufunguliwa mbele ya katibu.

Kwa wafadhili wetu

Wapendwa wafadhili, tunajua kwamba ni rahisi zaidi kuchangia kitu kinachoonekana: bati, madawati, kisima. UPS ya ofisi, plota inayochapisha kwa skeli, au siku tatu za mafunzo kwa wachoraji wa parokia hazipigwi picha nzuri. Lakini gharama ya mambo hayo ni ndogo ikilinganishwa na kubomoa ukuta uliokwisha kujengwa. Tunawasihi, mnapopokea ombi la kufadhili jengo, mwombe na ramani, mpime rula ya skeli, na mwulize ni mhandisi gani aliyeisaini. Maswali yenu yanaipa kamati nguvu ya kusema "hapana" kwa mtu anayetaka kuharakisha.

Injili ya Luka, katika sura ya 14, inazungumzia mtu anayetaka kujenga mnara, na jinsi inavyompasa kuketi kwanza na kupiga hesabu. Katika wakati wetu, kuketi huko ni pamoja na kuketi mbele ya kompyuta, kupima mlango, kuangalia leya na kusoma karatasi kwa rula kabla jembe halijagusa ardhi. Watoto watakaokaa chini ya paa hilo hawatajua kwamba mtu aliandika UNITS siku moja na kusahihisha namba. Watakaa salama, wakisoma.